Mweka hazina aliyekataa kuapa: kisa cha chama kimoja cha Kibuye

Chama chenyewe ni cha mafundi na wauzaji wa fanicha katika soko la Kibuye, Kisumu. Wanachama ni 28, na kila wiki kila mmoja hutoa shilingi 500: mia tatu za akiba, mia moja ya mfuko wa mikopo, na mia moja ya matanga na hospitali. Mgogoro uliotaka kukivunja haukutokana na wizi. Pesa zilikuwepo zote, hadi shilingi ya mwisho. Tatizo lilikuwa mweka hazina, fundi wa vitanda mwenye umri wa miaka thelathini na kitu. Ilijulikana kwamba hamwamini Mungu, na alipotakiwa kuapa kwa Biblia kuwa hatagusa pesa za watu, akakataa.

Niliitwa kama msuluhishi, kazi ninayofanya na vyama vya akiba vya Kisumu na Vihiga. Nimebadilisha mambo yanayoweza kumtambulisha mtu, lakini kiini cha ugomvi nimekiacha kilivyokuwa.

Mambo yalianzia matangani. Mwanachama mmoja, fundi wa makochi, alifariki, na chama kikasafiri hadi Nyakach kupeleka rambirambi. Mweka hazina alisimama, akataja kiasi walichochanga, akakabidhi bahasha. Msema chochote akamwambia amalizie kwa maombi. Akajibu, kwa sauti ya kawaida, "Naomba mwingine atuongoze. Mimi si mtu wa maombi." Mama mmoja akaomba, watu wakaitikia amina, sufuria zikafunuliwa.

Pale hakuna aliyesema kitu. Lakini kufikia Jumapili, siku Kibuye inapofurika watu, maneno yalikuwa yameota miguu. Wa kwanza alisema amekataa kuomba. Wa pili akasema amemkana Mungu mbele ya maiti. Wa tatu alikuwa ameshamwingiza katika freemason. Mwenyekiti alimwita pembeni amuulize ukweli, na yeye, badala ya kukwepa, akamwambia: "Jakom," yaani mwenyekiti kwa Kijaluo, "sijui kama Mungu yupo. Nimetafuta sababu ya kuamini, sijaipata. Sitakudanganya."

Hapo ndipo mzee mmoja wa chama, fundi wa vanishi na mzee wa kanisa lake, alipoleta pendekezo la kuongeza kipengele katika katiba ya chama: kila afisa ataapa akiwa ameshika kitabu kitakatifu. Hakumtaja mtu, wala hakuhitaji. Mweka hazina akasema ataahidi mbele ya wote, ataweka sahihi, ataweka hata mashine yake ya randa kuwa rehani, lakini hataapa kwa jina asiloliamini. Mzee akasema basi arudishe daftari.

Kabla ya kusema nani alikuwa na haki, sharti niseme kwamba hofu ya mzee yule haikuwa ya kipuuzi, na sipendi jinsi baadhi ya vijana walivyomcheka. Kikundi cha watu wa jua kali hakina wakili. Mtu akitoroka na laki mbili, kwenda polisi ni nauli, ni siku za kazi zilizopotea, ni "rudi wiki ijayo". Katika hali hiyo kiapo kinafanya kazi ambayo korti haiwafanyii: kinamwekea mshika pesa mlinzi asiyelala na asiyehongeka, tena bure. Kumwambia mwanamke anayeuza meza za kahawa kwamba mlinzi huyo hana umuhimu ni kumwondolea bima pekee aliyonayo bila kumpa nyingine. Wala mzee hakuwa peke yake. Katika utafiti wa taasisi ya Pew ya Marekani wa mwaka 2019, uliofanywa katika nchi 34, asilimia 95 ya Wakenya waliohojiwa walisema ni lazima mtu amwamini Mungu ndipo awe na maadili mema. Uswidi waliosema hivyo walikuwa asilimia 9. Katika sensa yetu ya mwaka huohuo, watu 755,750 waliandikishwa kuwa hawana dini, yaani asilimia 1.6 ya nchi nzima. Kwa hiyo kijana yule alikuwa akisimama mbele ya fikra ambayo karibu kila Mkenya amelelewa nayo.

Fikra yenyewe ni ya zamani, na imewahi kutetewa na watu wenye akili kubwa. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke, ambaye waraka wake uliochapishwa mwaka 1689 uliwatetea watu wa madhehebu mbalimbali wasiteswe kwa imani zao, aliwatenga wasiomwamini Mungu. Hoja yake ilikuwa kwamba ahadi, mikataba na viapo, vitu vinavyoifunga jamii pamoja, haviwezi kumshika mtu wa namna hiyo. Mzee wetu wa vanishi hajawahi kumsoma Locke, ila alisema jambo lilelile, tena kwa ufupi zaidi: "Asiyemwogopa Mungu ataniogopa mimi?"

Sasa angalia kiapo kingemfanyia nini mtu huyu hasa. Kila mwanachama anajua fomu ya mkopo: unaandika jina la mdhamini, naye anakuja, anaonekana, anaweka sahihi. Ukimwandika mdhamini ambaye wewe mwenyewe hujui kama yupo, fomu hiyo ni bure, na aliyeijaza ametudanganya tangu mstari wa kwanza. Ndivyo mweka hazina alivyokiona kiapo walichomtaka aape. Hasemi kwamba ana hakika hakuna Mungu, anasema hajui. Wanachama wengi hawakujali tofauti hiyo. Mimi naona ina uzito, kwa sababu mtu asiyejua ndiye angekuwa na kisingizio rahisi zaidi cha kuapa tu na kutulia: "huenda yupo, huenda hayupo, hainigharimu kitu." Yeye alikikataa kisingizio hicho, akijua kwamba kukikataa kunaweza kumpotezea cheo na wateja.

Hoja hii aliwahi kuieleza mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill mwaka 1859. Sheria inayomfungia nje asiyeamini, alisema, inamfungia nje asiyeamini aliye mkweli peke yake. Mwongo ataapa na kuingia. Kipengele cha mzee kingekuwa chujio la namna hiyo. Mwizi yeyote angepita, awe anaamini au haamini, na ambaye angenaswa ni yule mmoja anayeona vibaya kusema uongo hata pale uongo unapompa nafuu.

Katika kikao cha pili, aliyebadilisha mwelekeo wa mazungumzo alikuwa mama mmoja anayeuza viti vya kusuka, mzaliwa wa upande wa Kaimosi. Alisimama akasema yeye ni Mfrendi, muumini wa dhehebu moja la Kikristo, na kwamba nyanyake alifundishwa kutoapa kabisa, iwe kortini au popote. Akanukuu Mathayo 5:37 bila kufungua kitabu: "Maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo." Kisha akamgeukia mzee. "Sasa mzee wangu, na mimi nikichaguliwa, mtanifukuza? Mimi nampenda Yesu kuliko hata hiki chama."

Mzee hakuwa na jibu la haraka, na si ajabu. Wafrendi, au Waquaker, walifika Kaimosi mwaka 1902, Wamarekani watatu, na leo Kenya ndiyo nchi yenye Waquaker wengi kuliko zote duniani, wengi wao wakiwa hapahapa magharibi. Kutoapa ni msingi wa imani yao wa tangu zamani: ukweli ni mmoja, na mtu hapaswi kuwa na ukweli wa siku za kawaida na mwingine wa siku za kiapo. Uingereza iliwafunga na kuwanyang'anya mali kwa msimamo huo, hadi bunge lilipowaruhusu, miaka ya 1690, kutoa tamko la dhati badala ya kiapo. Mlango huo, kwa hiyo, ulifunguliwa na waumini wenye imani kali kuliko majirani zao. Wasioamini waliupitia baadaye sana. Charles Bradlaugh, Mwingereza asiyemwamini Mungu, alichaguliwa mbunge wa Northampton mwaka 1880, akaomba atoe tamko badala ya kuapa, bunge likamkatalia. Wapiga kura wake walimrudisha mara kadhaa, na hakukalia kiti chake kwa utulivu hadi 1886. Mwaka 1888 ikapitishwa sheria iliyomruhusu kila mtu kutoa tamko, ama kwa kuwa hana dini, ama kwa kuwa dini yake inamkataza kuapa.

Sababu hizo mbili zimo pia katika sheria yetu. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Viapo na Matamko, Sura ya 15 ya Sheria za Kenya, kinampa haki ya kutoa tamko la dhati mtu anayesema hana imani ya dini, na vilevile mtu anayesema kuapa ni kinyume cha imani yake. Tamko hilo lina nguvu sawa na kiapo. Niliwasomea kifungu hicho kikaoni, na nikaona jinsi watu walivyokuwa wakimtazama mama wa Kaimosi na fundi wa vitanda kwa zamu, kana kwamba wanawaona wamekaa benchi moja kwa mara ya kwanza. Katiba ya 2010 nayo, ingawa utangulizi wake unamtambua Mwenyezi Mungu, inasema katika ibara ya 8 kwamba hakuna dini ya taifa, na katika ibara ya 32 kwamba mtu asilazimishwe kufanya tendo linalopingana na imani yake wala kunyimwa nafasi kwa sababu ya imani hiyo. Hata rais wa nchi, katika Jedwali la Tatu, ana hiari ya kuapa au kutoa tamko. Kama jamhuri nzima inaweza kukabidhiwa mtu kwa tamko, mfuko wa watu 28 wa Kibuye unaweza pia.

Sheria hata hivyo haikummaliza mzee, na sikutaka immalize. Mtu anaweza kushindwa na kifungu na bado akawa na swali zuri. Lake lilikuwa hili, na alilisema akimtazama kijana machoni: "Nyathina, mwanangu, usiku uko peke yako. Simu iko mkononi, namba ya siri unaijua wewe. Nani anakuona?"

Hapa ndipo ilipojitokeza habari ambayo mwenyekiti alikuwa ameificha kwa ombi la mweka hazina mwenyewe. Marehemu wa Nyakach alikuwa amemwambia mkewe kwamba ana akiba ya kama elfu kumi na nane. Kadi yake ya chama haikupatikana. Daftari la akiba, lile jeusi la jalada gumu ambalo kurasa zake zina vumbi la msonobari katikati, lilikuwa kwa mweka hazina peke yake, na hakuna aliyelikagua kwa miezi. Kwenye mstari wa marehemu palikuwa na shilingi 31,200, wiki mia moja na nne bila kukosa. Mweka hazina alimpigia mjane simu, akamwambia kiasi hicho, kisha ndipo akamwarifu mwenyekiti na kuomba mashahidi wa malipo. Shilingi 13,200 zingeweza kupotea bila mtu kujua kuwa ziliwahi kuwepo.

Akamjibu mzee hivi: "Siku ile hakuna aliyeniona, mzee. Lakini hasara ingekuwa ya yule mama hata kama hakuna anayeijua. Zilikuwa pesa zake."

Naliona jibu hilo kuwa kiini cha kisa kizima. Wengi wetu tumefundishwa kuuliza nani anaona, nani ataadhibu. Yeye alianza na nani ataumia. Ubaya wa kumnyang'anya mjane uko kwa mjane: ni karo itakayokosekana, ni mabati ambayo hayatanunuliwa. Haungoji mtu autazame ndipo uwe ubaya, na haupungui gizani. Mtu akiliona hilo kweli, ana sababu ya kutoiba isiyotegemea kamera wala malaika. Na sidhani kwamba sababu hiyo ni ngeni kwa waumini. Mama mwingine, Mwislamu wa Kaloleni, alisema kwao wanafundishwa haki ya mja: ukimdhulumu mtu, toba ya kwenye mswala haikutoshi mpaka umrudishie, na kwamba hata shahidi, yaani aliyekufa katika njia ya Mungu, husamehewa yote ila deni. Katika sura ileile ya Mathayo aliyoinukuu mama wa Kaimosi, mtu anaambiwa aiache sadaka yake madhabahuni aende kwanza akapatane na nduguye. Dini hizo zote mbili, kwa maneno yao wenyewe, zinakiri kwamba deni ni la mtu kwa mtu. Mungu, kwa anayemwamini, analishuhudia na atalidai. Asiyemwamini hana shahidi huyo, lakini deni lake liko palepale, na anayemdai ana uso na jina.

Mzee hakuridhika. "Na kama kesho utaamua si zake?" Swali hili lina haki yake pia, kwa kuwa mtu anaweza kujidanganya na kujipa ruhusa. Ila muumini naye anaweza: ni mara ngapi tumesikia mtu akisema Mungu amemfungulia mlango, na mlango wenyewe ni mfuko wa watu? Kijana mmoja alitaka kumkumbusha mzee kwamba mweka hazina wa kwanza wa chama, aliyekuwa akifungua vikao kwa maombi marefu, ndiye aliyewahi kupotea na pesa. Nilimkatiza. Wizi wa yule hauthibitishi kitu juu ya waumini, kama uaminifu wa huyu usivyothibitisha kitu juu ya wasioamini. Tukianza kuhesabu wezi wa kila upande tutakesha, na akiba ya wanachama itabaki wazi vilevile.

Mtu mwingine akadai kwamba Mwafrika asiye na Mungu hayupo, kwamba huo ni ugonjwa wa wazungu. Kisumu kwenyewe, mwishoni mwa miaka ya 1960, aliishi na kufanya kazi Okot p'Bitek, mshairi Mwacholi wa Uganda, aliyepinga vikali tabia ya kuwavalisha Waafrika wote kanzu moja ya kidini ili wapendeze machoni pa wageni. Tena wasioamini wa Kenya walisajili chama chao mwaka 2016, ingawa usajili huo uliwahi kusimamishwa miezi michache baadaye kwa malalamiko ya watu wa dini. Wapo, wamekuwepo, na wengi hukaa kimya kanisani karibu na mama zao.

Nilichowashauri kilikuwa kigumu kuliko kiapo. Namba ya simu ya chama iwe na mshika simu mmoja na mshika namba ya siri mwingine. Benki itake sahihi tatu. Kila kikao kianze kwa kusoma jumbe za M-Pesa za wiki kwa sauti, moja baada ya nyingine, huku wanachama wawili wakifuatilia daftarini kwa kidole. Kila mtu aandike mrithi wake, ili asitokee mjane mwingine anayekisia. Na maafisa wote waseme maneno yaleyale: kwamba watatunza mali ya wanachama, watatoa hesabu wanapoulizwa, na watalipa kwa mali yao wenyewe wakikiuka. Anayetaka kuanza kwa "Naapa mbele za Mungu" aanze hivyo. Anayetaka kusema "Natamka kwa dhati" aseme. Sahihi ni ileile, na faini ni ileile.

Namlaumu mweka hazina kwa jambo moja. Alijua hofu ya wenzake na bado akakaa na daftari peke yake kwa miezi, akijiamini. Mtu anayesema wajibu wake ni kwa watu anapaswa kuwa wa kwanza kuwapa watu hao njia ya kumkagua. Unyofu wa moyo, wa muumini au wa asiyeamini, hauonekani kutoka nje, daftari linaonekana. Nilimwambia hivyo, akakubali bila kubishana.

Kura ilipigwa kwa siri. Kipengele cha kushika kitabu kitakatifu kilikataliwa kwa kura 17 dhidi ya 9, wawili hawakuwepo. Mwanachama mmoja alijiondoa kwa sababu hiyo, akalipwa akiba yake jioni ileile, na mweka hazina ndiye aliyemhesabia. Vikao bado hufunguliwa kwa maombi. Yeye husimama na wenzake, mikono nyuma, hasemi amina, na wapo wawili watatu wanaoliona hilo kama dharau. Sidhani watalizoea hivi karibuni.

Mzee wa vanishi ametangaza kwamba uchaguzi ujao atagombea kiti hicho. Shtaka lake sasa ni kwamba marejesho ya mikopo ya wiki mbili yaliingizwa daftarini yakiwa yamechelewa, na kwamba mweka hazina anachukua oda nyingi za vitanda hadi anakosa muda wa hesabu za chama. Shtaka hilo lina msingi. Mweka hazina amekiri kuchelewa, amelipa faini ya shilingi 200 iliyo katika katiba, na ameomba apewe msaidizi.